Nani Anayesema Hapana: Bima za Marekani na Matibabu ya Kodi

Bima binafsi ya afya humkatalia mwanachama kwa njia mbili. Ya kwanza huja kabla ya tiba: daktari amekwisha kuandika kipimo, dawa au upasuaji, na kampuni inajibu kwamba haitalipia. Ya pili huja baada ya tiba: mgonjwa ametibiwa na kurudi nyumbani, hospitali imepeleka madai yake, na madai yanarudishwa bila malipo. Aliyekataliwa mapema hukosa matibabu. Aliyekataliwa baadaye hubaki na deni. Katika nchi zinazogharimia matibabu kwa kodi njia hizo mbili karibu hazipo, lakini huko nako mgonjwa huambiwa hapana kwa namna nyingine, ambayo haina budi kuelezwa pia.

Miongoni mwa nchi tajiri, hakuna ambako kukataliwa na bima kumezoeleka kama Marekani. Mwaka 2023, kampuni zinazouza bima kupitia soko la serikali kuu, HealthCare.gov, zilikataa karibu dai moja kati ya kila madai matano yaliyotoka kwa hospitali na madaktari wenye mkataba nazo. Kampuni hazilingani: kuna iliyokataa asilimia 1 tu ya madai, na kuna iliyokataa asilimia 54. Wengi hudhani kwamba sababu kuu ni kampuni kudai matibabu hayakuwa ya lazima, kumbe hoja hiyo huchukua sehemu ndogo, kama asilimia 6. Sehemu kubwa ni makosa ya karatasi, kibali ambacho hakikuombwa, huduma isiyotajwa kwenye mkataba, na fungu kubwa linaloitwa tu "sababu nyingine", ambalo halimwelezi mgonjwa chochote.

Jinsi kibali kinavyoombwa huonekana vizuri katika jambo dogo la kila siku. Mtu wa makamo ana maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, na daktari anataka apigwe kipimo cha MRI. Karani wa kliniki hujaza fomu yenye namba ya kipimo na namba ya ugonjwa, akaituma kwa kampuni ya bima, ambayo mara nyingi imeikabidhi kazi hiyo kwa kampuni nyingine. Huko fomu hulinganishwa na mwongozo. Je, mgonjwa amefanya mazoezi ya viungo kwa wiki sita? Amejaribu dawa za maumivu? Mguu umelegea? Anashindwa kuzuia mkojo? Aliwahi kuugua saratani? Kama majibu hayamo kwenye fomu, hata kama daktari anayajua, jawabu ni hapana. Daktari anaweza kuomba kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni, ambaye pengine si bingwa wa maradhi hayo. Ikishindikana, huandikwa rufaa kwa kampuni yenyewe, na baada yake rufaa kwa mtathmini huru aliye nje ya kampuni, haki ambayo sheria ya afya ya mwaka 2010 iliipanua kwa Wamarekani walio wengi.

Mwongozo wenyewe si upuuzi. Maumivu mengi ya mgongo hupona bila kipimo, na MRI ya mtu mzima huonyesha kasoro nyingi zisizo na madhara ambazo humpeleka mgonjwa kwenye upasuaji asiouhitaji. Ubaya uko kwenye ukubwa wa kazi na kwenye nani anayeibeba. Kwa mujibu wa chama cha madaktari cha Marekani, daktari mmoja na wasaidizi wake hushughulikia takriban maombi 40 ya vibali kila wiki, kazi inayokula zaidi ya saa 12. Kliniki huajiri watu wasiomgusa mgonjwa hata mmoja, kazi yao ni kusubiri kwenye simu ya bima.

Anayekata rufaa ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Kwa wanachama wa HealthCare.gov, chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa mwaka 2023 yalikatiwa rufaa, na katika yaliyokatiwa rufaa kampuni zilibadili uamuzi kwa asilimia 44. Kwa wazee waliojiunga na Medicare Advantage, mpango wa serikali unaoendeshwa na kampuni binafsi, tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 2022 maombi ya vibali yalikuwa zaidi ya milioni 46, na milioni 3.4 yakakataliwa. Ni kama mmoja kati ya kumi aliyekata rufaa, na zaidi ya asilimia 80 ya rufaa hizo zilishinda, kikamilifu au kwa sehemu. Hapana inayoanguka mara nyingi kiasi hicho pindi inapoulizwa haikustahili kutolewa tangu mwanzo. Wanaoumia ni wale wasiouliza: mgonjwa aliyechoka, mzee anayeishi peke yake, mtu ambaye Kiingereza cha barua kimemshinda.

Chanzo cha utaratibu huu ni historia zaidi kuliko mpango wa mtu yeyote. Mwaka 1929 walimu wa Dallas, Texas, walikubaliana na hospitali ya Baylor kuchanga senti 50 kwa mwezi ili kila mmoja awe na haki ya kulazwa siku 21 kwa mwaka. Mfano huo ulienea. Vita Kuu ya Pili ilipofika, serikali ilizuia mishahara kupandishwa kuanzia 1942, na waajiri waliokosa wafanyakazi wakaanza kuwavuta kwa bima, kwa kuwa bima haikuhesabiwa kuwa mshahara. Baadaye sheria ya kodi ikaithibitisha nafuu hiyo. Hivyo bima ikafungamana na ajira, na mtu anayefukuzwa kazi akawa anapoteza mshahara na daktari kwa siku moja. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Sheria ya 2010 chini ya Rais Barack Obama iliongeza wenye bima na kukomesha, kuanzia 2014, desturi ya kumkataa mtu kwa sababu alikuwa mgonjwa kabla ya kujiunga. Hata hivyo watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote mwaka 2023.

Ipo sheria nyingine ambayo wananchi wengi wa nchi hiyo hawaijui mpaka yawafike. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kulinda pensheni za wafanyakazi, iitwayo ERISA, na bima nyingi zinazotolewa na waajiri zikaingia chini yake. Mfanyakazi aliyekataliwa isivyo halali akishtaki chini ya sheria hiyo, kwa kawaida hupata thamani ya huduma aliyonyimwa na pengine gharama za wakili, basi. Hapati fidia ya maumivu, ya kilema wala ya kifo kilichotokana na kunyimwa huko. Mahakama ya Juu ililithibitisha jambo hilo mwaka 1987 na tena 2004. Maana yake ni nzito: kampuni ikikataa kimakosa na ikashindwa kortini, hulipa hasa kile ambacho ilipaswa kulipa toka awali. Sheria inayofanya kosa lisiwe na gharama hualika kosa.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba kila hapana ni faida mfukoni mwa kampuni. Sheria ya 2010 inazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya michango kwa matibabu, au asilimia 85 kwa bima za makundi makubwa. Zikishindwa, zinawarudishia wanachama tofauti. Tena wengi wa wenye bima za kazini wako kwenye mipango ambayo fedha zake ni za mwajiri mwenyewe, na kampuni ya bima ni msimamizi tu. Hapo hapana hutolewa na kampuni, lakini kinachookolewa ni fedha za mwajiri. Mgonjwa, ambaye hana habari na mpangilio huo, humlaumu yule ambaye jina lake limechapwa kwenye kadi.

Kompyuta imeongeza kasi. Machi 2023 chombo cha habari za uchunguzi cha ProPublica kiliripoti kwamba kampuni ya Cigna ilikuwa na mfumo ulioyakusanya madai na kuwapa madaktari wake wayakatae kwa mafungu, na kwamba kwa miezi miwili ya mwaka 2022 madai zaidi ya 300,000 yalikataliwa kwa wastani wa sekunde 1.2 kila moja. Kampuni ilipinga maelezo hayo, ikisema mfumo ule ulihusu huduma za bei ndogo zilizokwisha kutolewa na ulilenga kuharakisha malipo. Hasira za wananchi ziliendelea kupanda. Desemba 2024 mkuu wa UnitedHealthcare, Brian Thompson, alipouawa kwa risasi mjini New York, maelfu ya watu walitumia msiba huo kusimulia jinsi walivyokataliwa na bima zao. Hakuna malalamiko yanayohalalisha mauaji, lakini simulizi zile zilionyesha uchungu uliokuwa umefichika kwa muda mrefu. Kanuni mpya za serikali kuu zinaitaka mipango kama Medicare Advantage, kuanzia 2026, ijibu maombi ya dharura ndani ya saa 72 na ya kawaida ndani ya siku saba, na Juni 2025 kampuni kubwa ziliahidi kupunguza idadi ya huduma zinazohitaji kibali.

Uingereza ilifuata njia nyingine kabisa. Tarehe 5 Julai 1948, chini ya Waziri wa Afya Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa kutoka Wales ambaye naye aliwahi kufanya kazi mgodini, Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilianza kumtibu kila mkazi bila malipo wakati wa kutibiwa. Fedha zilitoka, na bado zinatoka, hasa kwenye kodi za jumla na michango ya bima ya taifa inayokatwa kwenye mishahara. Mgonjwa hana kadi ya kampuni, hana dai la kufuatilia, na akitoka hospitali hapewi ankara. Yapo machache ya kulipia: meno, miwani, na kwa England dawa za kuandikiwa, pauni 9.90 kwa kila dawa mwaka 2024, ingawa watoto, wazee na wengine wengi wamesamehewa, na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazitozi chochote kwa dawa hizo. Bevan mwenyewe alijiuzulu uwaziri mwaka 1951 kwa kupinga malipo ya meno bandia na miwani.

Lakini kodi nayo ina mwisho, na mahali fulani mtu lazima aamue nini kinunuliwe. Tangu 1999 kazi hiyo, kwa upande wa dawa mpya, hufanywa na taasisi iitwayo NICE. Kampuni ikileta dawa mpya, kwa mfano ya saratani, wataalamu hukadiria itampa mgonjwa muda gani zaidi wa kuishi na muda huo utakuwa na afya ya kiasi gani, kisha hugawanya gharama kwa faida hiyo. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa uhai wenye afya njema, na dawa za wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha ziliruhusiwa kupita hapo. Dawa inayozidi mno hukataliwa, au mtengenezaji hushusha bei, jambo linalotokea mara nyingi kwa sababu mnunuzi ni mmoja na ana nguvu. Ikikubaliwa, NHS inalazimika kuilipia, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu.

Kwa mgonjwa ambaye dawa yake imekataliwa, uchungu ni ule ule wa Mmarekani, na familia zimewahi kuandamana na kwenda mahakamani kwa ajili hiyo. Ila namna ya kukataa ni tofauti. Uamuzi wa NICE huchapishwa pamoja na hesabu zake, wawakilishi wa wagonjwa husikilizwa, na rufaa ipo. Unamhusu kila mgonjwa wa aina hiyo, wa ghorofani na wa kibandani, wala haumvizii mtu mmoja baada ya upasuaji. Wanaoamua hawapandishiwi mshahara kwa sababu wamekataa, na wabunge wanaweza kuwaita na kuwahoji. Kati ya hapana hizo mbili, iliyo wazi ndiyo inayomheshimu mgonjwa zaidi.

Udhaifu mkubwa wa NHS ni foleni. Septemba 2023 orodha ya matibabu ya hospitali yanayosubiriwa England ilifikia takriban milioni 7.8. Lengo rasmi ni kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu kuelekezwa hospitali, na lengo hilo halijafikiwa tangu 2016. Kwa mzee anayengoja kubadilishiwa nyonga, hii ni miezi ya kulala kwa vidonge vya maumivu, kushindwa kupanda ngazi za nyumba yake, kuacha kwenda kanisani au msikitini, na misuli kudhoofika kiasi kwamba upasuaji utakapofika atapona polepole zaidi. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumkataa. Jina lake limo kwenye orodha na orodha haisogei. Bajeti iliyokua taratibu baada ya 2010, vitanda vichache, uhaba wa wauguzi na kisha janga la Uviko vyote vilichangia. Mwenye uwezo hulipa hospitali binafsi, na kila anayefanya hivyo huupunguzia usawa wa NHS sehemu ya maana yake.

Kanada iko katikati. Jimbo la Saskatchewan, chini ya mpango ulioasisiwa na Tommy Douglas, aliyekuwa kiongozi wa jimbo hilo, lilianza kugharimia madaktari kwa fedha za umma Julai 1962, na madaktari wakagoma kwa siku 23 kabla ya kukubaliana. Sheria ya taifa ya 1984 inayabana majimbo yasiruhusu madaktari na hospitali kumtoza mgonjwa nyongeza kwa huduma za lazima. Hata hivyo dawa zinazonunuliwa nje ya hospitali bado hutegemea sana bima za kazini, kwa hiyo Mkanada huweza kulazwa bure na kukataliwa vidonge.

Kwa gharama, Marekani ilitumia takriban asilimia 17.6 ya pato la taifa kwa afya mwaka 2023, Uingereza karibu asilimia 11. Mmarekani alitarajiwa kuishi miaka 78.4, Mwingereza kama miaka 81. Si haki kuitwisha bima tofauti yote hiyo, kwani bunduki, unene na dawa za kulevya zina sehemu kubwa. Lakini fedha zinazoishia kwa makarani wa pande mbili, wa kliniki wanaoomba na wa kampuni wanaokataa, hazimponyi mtu.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamo katika mifumo yote miwili. Wakimbizi kutoka Kongo waliopelekwa Marekani kwa maelfu walipewa msaada wa matibabu wa serikali kwa miezi michache ya mwanzo au waliingia Medicaid, kisha walipopata kazi, kama vile kwenye viwanda vya nyama, walihamia bima ya mwajiri. Hapo walikutana na jambo geni: bima ipo, lakini mwanachama hulipa kwanza mfukoni, kwa wastani karibu dola 1,800 kwa mtu mmoja mwaka 2024, ndipo kampuni ianze kulipa. Barua ya kukataliwa ina tarehe ya mwisho ya rufaa, na sheria inawapa wasiojua Kiingereza haki ya mkalimani bila malipo kwa kampuni nyingi za bima na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Kwa upande wa Uingereza, anayehamia kwa viza ya kazi au familia hulipa, tangu Februari 2024, pauni 1,035 kwa mwaka kwa ajili ya NHS, juu ya kodi atakazokatwa. Wauguzi wenye viza ya sekta ya afya, wakiwamo wanaokwenda chini ya makubaliano ya Kenya na Uingereza ya 2021, wamesamehewa.

Afrika Mashariki yenyewe imejaribu njia zote. Uganda ilifuta malipo kwenye vituo vya serikali Machi 2001, na maskini wengi wakaanza kwenda kutibiwa. Lakini hapa ndipo huonekana hapana ya tatu, isiyo na barua wala foleni: mgonjwa hufika dirishani na kuambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Hajakataliwa na mtu, hana pa kukata rufaa, na takwimu humhesabu kuwa ametibiwa. Aprili 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijafika hapo, na matibabu ya kodi bila kodi ya kutosha huishia kwenye dirisha hilo.

Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, tangu 1966. Oktoba 2024 ilianza kuutumia mfumo mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na wengine hupimwa uwezo wao na kulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wake unaotegemea fedha za serikali, ili mtu asiulizwe mchango kwa homa ya mtoto.

Tanzania ilitoa matibabu bure kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha, ikaanzisha uchangiaji mwaka 1993, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma. Wakulima, wavuvi na wamachinga wengi walibaki nje. Machi 2024, kitita kipya cha bei za mfuko huo kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi, zikidai bei hazikidhi gharama. Watu waliokuwa wamekatwa mchango kila mwezi walijikuta wakielekezwa kwingine, safari hii mkataaji akiwa hospitali na si mfuko. Serikali na wenye hospitali walilazimika kurudi mezani.

Sheria ya Tanzania ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na kwa wasio na uwezo inaelekeza mfuko maalumu wenye vyanzo vya kodi, zikiwamo za vinywaji baridi vyenye gesi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo mwenye mshahara wa Dodoma atakuwa ndani ya bima, na mjane asiye na shamba wa Kibondo atakuwa ndani ya kodi, wakiwa na kadi za aina moja. Ukubwa wa mfuko huo na usahihi wa kuzitambua kaya maskini kijiji kwa kijiji ndivyo vitakavyoamua kama kadi hizo mbili zitapokelewa sawa dirishani.